Kombora la Mjukuu wa Bi Ghaniya

Basi la Maskati lilipotoka Mabela, Bi Ghaniya, mama wa Kiomani mwenye Kiswahili cha Unguja, alimgeukia Zachariah, Mkenya aliyekaa kando yake. "Mwanangu, setilaiti ya mjukuu wangu itarushwa na kombora kuukuu la vita. Nnaogopa."

Zachariah, fundi wa viyoyozi, alimtuliza. "Usijali, mama. Bomu limeshatolewa, setilaiti itakaa mahali pake. Sasa kombora linapanda tu."

"Miaka thalathini lilingoja kuwashukia watu. Leo litajuaje kupanda?"

"Linaongozwa na kompyuta, mama."

"Kuukuu nayo?"

Bi Ghaniya alijifunga vizuri mtandio wake.

"Nnakwenda Qurum kumwambia mjukuu wangu adai jipya," alisema Bi Ghaniya.

"Hawatampa, mama. Mapya bado yana kazi."

Basi likasimama Qurum.