Utepe wa Kijani kwenye Paji la Fabiani Ngolo

Ni Oktoba mwaka 1996, jua la Mpanda limekausha hadi mabwawa ya ng'ombe na mawingu yanapita bila kudondosha kitu, ndipo familia ya Mzee Makarius Ngolo inapomzika mtoto wake wa pili, Fabiani.

Marehemu alizaliwa Usevya tarehe 14 Machi 1957, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1966 hadi 1972, na mwaka 1975 akaanza kupima mahindi sokoni Kibaoni, ambako wakulima walimtania kwamba mizani yake haina shemeji. Tarehe 5 Juni 1982 alifunga ndoa na Verdiana, wakajaliwa watoto wawili, Agatha na Wiliam.

Ngiri ilimwanza mwaka 1990, naye akaikimbia meza ya upasuaji kwa miaka sita, maana mdogo wake Alois alifia mezani hapo mwaka 1989, mwili ukichemka, wengine wakasema malaria, wengine wakamtafuta mchawi. Kila aliposhauriwa alijibu, "Nyie mnanipeleka kupasuliwa au kupikwa?", na watu wakacheka.

Tarehe 8 Oktoba utumbo ulijinyonga, hiari ikaisha. Alitaka kumweleza daktari habari za Alois, lakini shangazi zake wakamsihi, "Baba, marehemu hatajwi mtu akienda kisuni," naye akanyamaza, akaomba tu joto lake liangaliwe. Akabandikwa pajini utepe wa plastiki, ule unaobadilika rangi mwili ukipata moto. Alipokwisha kulazwa usingizi mwili ulikakamaa, jasho likamtiririka, muuguzi akawa anampangusa paji kwa kitambaa cha maji, kama tufanyavyo sote kwa mgonjwa wa homa, na utepe, uliokuwa ukisoma ngozi iliyopozwa, ukabaki kijani. Daktari alipotilia shaka na kumwekea kipimajoto cha kioo kwa ndani, zebaki ilifika mwisho wa namba, nyuzi 42. Alifariki saa tisa alasiri.

Daktari ameeleza kwamba hii si malaria wala si mkono wa mtu, ni hali ya kurithi ambayo dawa fulani za usingizi huiwasha, na kwamba angejua habari za Alois angetumia sindano ya ganzi ya mgongoni. Haya yanasomwa hadharani kwa ombi la Verdiana, kwa kuwa Agatha anasubiri kupasuliwa mguu mwezi Desemba: kila mwenye damu hii afikapo hospitali amtaje Alois, amtaje na Fabiani, kabla hajalazwa usingizi.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi, majirani wa Usevya, na wapimaji wenzake wa Kibaoni waliochonga jeneza. Lala, Fabiani, mwili sasa umepoa.

Waliochukuliwa na joto hili ni wawili, wa tumbo moja.