Mama wa Mashuka na Wivu wa Mwinjilisti

Tarehe 30 Juni 2014, Mama Hilda Akonaay, dobi wa kituo chetu cha afya cha kanisa, anastaafu baada ya kutumika miaka thelathini bila kupewa hata barua moja ya onyo. Kamati ya jarida hili imeniomba mimi, Mwinjilisti Wilbard Tluway, mhudumu wa kiroho wa kituo, niandike wasifu wake. Daktari Patriki, mganga mfawidhi wetu, alisema hakuna anayemjua Mama Hilda kama mimi. Amesema kweli. Mtu unayemwonea wivu unamjua hadi idadi ya viraka vya sweta lake, na la Mama Hilda lina vinne.

Alizaliwa Maghang mwaka 1954 na kujifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima. Alipoajiriwa mwaka 1984, sabuni ilikuwa ikitafutwa kama dawa. Alichemsha mashuka kwenye pipa kwa magadi, akayaanika upande unaotazama Mlima Hanang, na ukungu ukishuka alirudi mbio kuyaanua. Mwezi wa tano kazi hiyo aliifanya hata mara nne kwa siku.

Biashara ilipofunguliwa, maduka ya Katesh yakajaa sabuni za kila rangi, na mitumba nayo ikaingia. Tukapata mashuka yenye maua makubwa mekundu, na wagonjwa, watu wazima na akili zao, wakaanza kugombea kitanda cha maua. Mama Hilda akaamua kwamba shuka la maua apewe mgonjwa aliyefika peke yake, asiye na ndugu wa kumletea uji. Ugomvi ukaisha siku hiyohiyo. Wazo hilo lilipaswa kuwa langu, maana mhudumu wa kiroho ni mimi.

Nilifika hapa mwaka 1991 nikiwa na cheti cha chuo cha Biblia, suti mbili na sauti ambayo, wanasema watu, inasikika vizuri hata bila kipaza sauti. Mama Hilda ananizidi miaka minane, kwa hiyo shikamoo ni haki yake. Lakini mtu mwenye cheti amwamkie dobi mbele ya wauguzi? Nikabuni ujanja. Kila nikimwona kwa mbali nilimwahi kwa kusema "Bwana Yesu asifiwe," salamu isiyouliza nani mkubwa. Yeye aliitikia "Amina" kwa furaha, na mimi nikapita zangu.

Wote mnajua kwamba hapa kazi huanza na sala, saa moja na nusu asubuhi, wafanyakazi kwenye mabenchi na wagonjwa wanaojiweza wakiwa mlangoni na mablanketi yao. Asubuhi moja ya mwaka 1994 mafua yalinifunga koo. Muuguzi wa zamu alikuwa chumba cha kujifungulia. Nikamwashiria Mama Hilda, aliyekaa benchi la nyuma, asome zaburi ya siku ile. Nakiri kwamba nilimchagua kwa sababu nilijua hatanifunika.

Alisoma huku kidole kikitembea chini ya mstari kama anayechambua mchele. Ilikuwa zaburi ya mtu anayemlalamikia Mungu kwamba amemwacha. Katikati akanyamaza. Nikasogea nimsaidie neno lililomshinda, akanizuia kwa mkono.

"Kusoma naweza, Mwinjilisti," akasema. "Ni moyo ndio umekwama."

Kisha akatueleza habari ya mtoto wake wa kwanza, aliyekufa akiwa na wiki tatu. Wazee wetu Wairaqw wana desturi ya metimani: nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga hujitenga, haichangii moto, maji wala vyombo na majirani, na mama haingii nyumba za watu, ya Mungu ikiwemo. Miezi ile yote, alisema, alimtukana Mungu kimoyomoyo, akiwa peke yake na kibuyu chake, na akaogopa kumwambia mtu yeyote. Baadaye alipojua kusoma, zaburi hii ndiyo ya kwanza aliyoimaliza. Akakuta humo mtu aliyekwisha kumlalamikia Mungu kabla yake, na radi haikumpiga. Siku hiyo ndipo alipoanza kuomba tena. Akafunga Biblia, akaenda kwenye mapipa yake. Wauguzi walikuwa wanalia. Mimi niliumwa roho, na si kwa ajili ya mtoto.

Toka hapo mambo yakaniharibikia. Dobi hukusanya mashuka kitandani, na shuka halina siri. Bibi Verediana, aliyelazwa kwa mguu, alikojoa usiku akalificha shuka chini ya godoro siku mbili. Mama Hilda alilikuta, akamwinamia sikioni akamwambia hata yeye alijilowesha hivyo alipojifungua, akiwa binti mwenye nguvu zake. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu aletwe, na Mama Hilda alipokwisha kwenda zake na mashuka, akaomba asomewe Neno. Nilikuwa nimesimama palepale, kola nyeupe shingoni, Biblia mkononi. Akanitazama kwa heshima zote akasema, "Baba, tuitie yule mama wa mashuka."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 1997 mimi nilimnyonga, na haki yake sikumpa. Ndiyo sababu naandika mambo haya kwa jina langu badala ya jina la kamati. Niliandika utaratibu mpya wenye kichwa "Kuinua Kiwango cha Ibada," kwamba anayeongoza sala ya asubuhi lazima awe amemaliza kidato cha nne. Nikaupiga chapa, na hapa kwetu kilichopigwa chapa hakiulizwi. Nikawaambia umetoka dayosisi. Ndugu zangu, dayosisi haijui lolote. Utaratibu ule niliutunga mimi, mezani kwangu, kwa ajili ya mtu mmoja aliyeishia darasa la watu wazima. Miaka tisa Mama Hilda hakusoma tena mbele yetu. Alikaa benchi la nyuma, mikono ikiwa imekunjamana kwa maji, akaitikia amina zetu zote.

Nilipoona benchi la mbele limepoa, nikajaribu njia ya Mama Hilda. Kumbe watu wanapenda udhaifu! Nikasimama asubuhi moja nikatangaza kwamba leo nami nitakiri udhaifu wangu mkubwa, nao ni kwamba nafunga mno, hadi mke wangu Mectilda ananilalamikia. Nilikuwa nimeandaa na machozi, lakini hayakufika. Daktari Patriki alikohoa, na muuguzi mmoja akatazama saa.

Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, sisi wa ofisini tulihangaika na mihuri na anwani. Mama Hilda alikuwa na mashuka mia moja na arobaini yaliyodariziwa neno ARUSHA kwa uzi mwekundu, yasije yakaibwa. Alifumua moja moja, akadarizi MANYARA. Kumi na mawili aliyadarizi yakiwa yamekunjwa, uzi ukashona pande mbili pamoja, na shuka likawa halifunguki. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akayapitisha wodini kuwaonyesha wagonjwa kosa lake kabla mtu mwingine hajaliona. Wiki ileile mimi nilituma ripoti ya kwenda Babati, makao makuu mapya ya mkoa, ikaenda Arusha, nikamlaumu karani.

Machi 2006, Mectilda alijifungua mtoto wa kiume. Aliishi siku mbili. Tulikuwa tumemngoja miaka kumi na moja.

Kwa miaka kumi na mitano nilikuwa nimehubiri kwamba metimani ni giza, Mkristo hajitengi. Sasa msiba uko kwangu, na mlango niliufunga mwenyewe kwa komeo. Jirani anayeshika desturi hakuja kwa sababu ya desturi. Aliyeiacha hakuja kwa kuniogopa: atamwambia nini mwinjilisti? Wachache waliobisha hodi niliwajibu nikiwa ndani kwamba tumefunga kwa maombi. Ulikuwa uongo. Hatukuomba hata neno moja. Biblia ilikaa juu ya kabati na mimi nilikaa nimeipa mgongo, kwa sababu kila nikifungua kinywa niliyotaka kumwambia Mungu hayafai kuandikwa kwenye jarida hili.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, Mectilda alikuwa amefungua mlango kumwaga maji. Akamkuta Mama Hilda na kibuyu cha uji. Mke wangu akamsihi asiingie, nyumba ina msiba wa mtoto.

"Nimeshaingia, binti yangu," akasema, na kweli alikuwa ameshapita. Akachukua kikombe cha Mectilda kilekile alichokuwa akinywea, akajimiminia uji, akanywa, akamrudishia. Wasiokulia kwetu hawatajua uzito wa kikombe kile. Mectilda alikishika kwa mikono miwili akaanza kulia, kilio alichokuwa amekizuia siku tano.

Nilisimama. Sikuwa na "Bwana Yesu asifiwe" hata moja mdomoni. Nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akaomba Biblia. Akasoma pale Paulo anaposimulia alivyoomba mara tatu aondolewe mwiba, akaambiwa kwamba nguvu za Mungu hutimilika katika udhaifu. Alisoma taratibu na kidole chake, akaruka neno moja, na mimi, ninyi mashahidi, mimi niliyefiwa, nikatamani kumsahihisha! Ndipo nilipojiona nilivyo mgonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwangu kifo kilikuwa kimeshaingia. Nikamwambia yote: utaratibu wa kidato cha nne, dayosisi niliyoisingizia, hata ile salamu. Nikamwambia namchukia kwa jinsi watu wanavyompenda, na kwamba siwezi tena kuomba.

Nilitegemea anisamehe kitakatifu, ili nipate tena sababu ya kumwonea wivu. Hakufanya hivyo. Aliinama akavuta uzi kwenye sweta lake.

"Mimi nami nilikuwa nakuonea wivu, Mwinjilisti," akasema. "Unavyosoma bila kuweka kidole. Kila ulilosoma asubuhi nilikwenda nalo kwenye mapipa nikalirudia mpaka jioni, nikijisemea, iko siku nitasoma kama yule mtoto mwinjilisti, nimwaibishe. Na ile karatasi yako iliniuma sana. Nilikusema vibaya kwa Mungu miaka hii yote."

Mectilda ndiye aliyecheka kwanza, machozi yakiwa bado usoni. Kisha Mama Hilda akaniambia niombe, nami nikasema siwezi. Akaniambia nimwambie Mungu hilohilo. Nikasema, "Mungu, siwezi." Ndiyo sala fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na tangu siku ile imekuwa mlango wangu wa kuingilia nyingine zote.

Wiki iliyofuata niliufuta utaratibu ule. Nilipoulizwa, nikasema dayosisi imebadili mawazo. Mnaona? Nilikuwa nimesamehewa na bado nikadanganya. Mama Hilda alikuwepo, akasikia, akanitazama tu. Hajawahi kunitaja kwa mtu. Kwa miaka minane nimekula naye, nimeomba naye, na nimempisha asome, lakini sikuwa na ujasiri wa kuwaambia ninyi. Nilihofia kwamba mkijua, hakuna atakayeniita kitandani kwake tena. Bado nahofia. Ila siwezi kumsifu mbele yenu kwa kutoficha udhaifu wake huku nimeficha wangu nyuma ya jina la dayosisi.

Mama Hilda anarudi Maghang kwenye shamba lake la vitunguu swaumu. Nimesikia usharika wa huko umeshamwomba awasomee Neno akina mama kila Alhamisi. Watu wa Maghang nawaonea wivu, na safari hii nasema waziwazi.

Mama yetu, asante kwa mashuka safi na kwa aibu zetu ulizozifua bila kuzitangaza. Uzee wako uwe na afya, mvua ikunyeshee kwa wakati, na macho yako yaendelee kuona herufi. Tunajua una desturi ya kutuombea kwa majina. Ukikaa kuomba huko, naomba uanze na mimi. Najua hilo nalo ni wivu, litaje pia.