Kituo cha Hospitali

Basi lilipokaribia hospitali, msusi alimshika shangazi yake mkono. "Tukipite tu kituo hiki, shangazi. Daktari ataniona nilivyonenepa, atacheka. Wagonjwa wa kujitapisha ni wembamba."

"Kwani kujitapisha kunapimwa kwa mizani?" shangazi aliwaka. "Kila ukila nakusikia bafuni, umefungulia bomba eti nisisikie!"

Abiria wa mbele alijifanya anasinzia.

"Ataniambia nile tu, niache ujinga."

"Hayo nilikuambia mimi, yakasaidia nini? Nimeshindwa, mwanangu. Ndiyo maana tunakwenda kwa anayejua."

Msusi alimgeukia. Hakuwahi kumsikia shangazi akikiri kushindwa na lolote. Basi likasimama.

"Usiniache mlangoni," alisema akiinuka. "Na usinisemee!"

"Nani kasema nitakusemea?" shangazi alifoka, akishuka nyuma yake.