Ngozi Iliyokataa Kufa

Bisha. Bisha mpaka mate yakukauke, halafu nenda Kaloleni ukamuulize Gerson muuza kahawa kama siku ile benchi letu halikuganda. Ilikuwa Julai, mwaka ule kiwanda kilipouzwa na nusu ya mtaa ikapunguzwa kazi. Wingu la mlima Meru lilikuwa limeshuka asubuhi likameza ukuta wa uwanja. Mtu wa ng'ambo ya barabara unamsikia akikohoa tu, humwoni. Tulikuwapo Gerson, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Elihuruma, anayesomea udaktari, basi tunamwita Dokta. Sironka, mtoto wa baba yangu mkubwa. Na mimi, Buti, mkali wa mtaa, shule niliwaachia wenye subira. Buti lenyewe la mtumba, mali ya Ulaya, silivui jua wala mvua.

Sironka alikuwa na jambo. Mkewe Anyesi alikuwa hospitali, amejifungua mtoto wa kiume, vidole viwili vya mkono vimeshikana. Wazee wa ukoo wakasema hiyo laana imetoka kwao Anyesi, Nduruma, basi arudi nayo huko huko. Mchana ule walikuwa wanangoja jibu la Sironka.

– Dokta, hebu niambie, – alisema Sironka. – Laana hii wazungu wanaiitaje?

– Si laana, kaka. Tumboni, mkono wa kila mtoto huanza kama mguu wa bata. Kuna ngozi katikati ya vidole. Halafu seli za ile ngozi zinaambiwa zife.

– Zinaambiwa na nani?

– Na majirani zake. Seli moja inatoa protini, ile protini inagonga mlango wa nyingine. Ndani yuko wa kupokea. Anamgusa mwenzake, mwenzake anamgusa mwingine, mpaka neno linawafikia waliolala.

– Waliolala akina nani tena?

– Protini zinazokata. Kila seli inazaliwa na panga lake chini ya mto. Panga likiamka, seli inajikatakata yenyewe kwa ndani, inajikunja vizuri, majirani wanaimeza. Damu hakuna, kidonda hakuna.

Redio akaacha kumimina kahawa.

– Hata sasa hivi?

– Hata sasa hivi, Redio. Humo humo mwilini mwako, na birika mkononi.

– Kama kiwandani kwetu, – alisema Sironka polepole. – Meneja hatukumwona. Neno lilishuka ofisi kwa ofisi, mtu anakunja ovaroli, anatoka. Kesho yake mashine zinanguruma kama hajawahi kuwepo.

– Mimi nasema ni mlima, – Redio akarudi hewani. – Wingu hili mnadhani linashuka bure? Linakuja kuchagua.

– Acha fiksi wewe!

– Nyamaza, Buti! Mtu unalala na viatu. Umeficha nini humo, kwato?

Wakacheka. Nikaona niwape ya kuwanyamazisha.

– Sikilizeni, washkaji. Kama seli inanong'onezwa, benchi litashindwaje? Atapita mtu asiye na sura, atamgusa bega anayekaa mwisho. Naye atamgusa mwenzake. Wingu likipanda, vikombe vinafuka moshi, wenyewe hatupo.

Sironka alijisogeza kidogo, bega lake lisiguse langu.

– Na bado, – Dokta akasema. – Seli nyingi hazingoji hata kuambiwa zife. Zinataka kuambiwa kila mara: kaa, kaa, kaa. Majirani wakinyamaza, ule ukimya ndio neno lenyewe. Seli inajikunja.

Mara mama mmoja akatokeza kutoka kwenye wingu, chupa ya chai kaikumbatia kama mtoto.

– Shikamoo mama!

– Marahaba, wanangu. Wodi ya wazazi ni njia hii? Natoka Nduruma, nampelekea mtori wa ndizi mtoto wa kaka yangu, Anyesi. Nasikia mtoto wake hataki kunyonya.

Sironka akainamia kikombe. Walikuwa hawajawahi kuonana.

– Nyoosha tu, mama, – nikamwambia.

– Asante. Na huyo mtoto anaitwa nani? Nikifika nimwiteje?

Katika ukoo wetu jina hutoka kwa baba. Benchi zima likatazama chini. Redio, asiyezimika, akazimika.

Hapo ndipo nilipomkazia Sironka macho, mimi mkali wa mtaa, naye akainuka, akampokea mama ile chupa, wakazama pamoja kwenye wingu. Hivyo ndivyo ninavyowasimulia watu.

Kuna kipande huwa nakiruka. Sikumkazia mtu macho. Niliinama nikafungua kamba za buti, nikavua soksi. Mama yangu aliniapisha nisiivue mbele ya ndugu wa baba, wasije wakamrudisha kwao na yeye. Kidole cha pili na cha tatu, ngozi moja mpaka kwenye kucha. Sironka aliuangalia ule mguu, mguu wa ukoo wake mwenyewe, ndipo akainuka.

– Dokta, – nikauliza, – seli zangu hizi hazikuambiwa, au ziliambiwa zikakataa?

Dokta aliokota soksi yangu, akanipa.

Mtoto anaitwa Lesikar, jina langu halisi, na ananyonya hasa. Buti bado nalivaa. Ila wingu likishuka mpaka uwanjani, nalivua, naishika ile ngozi kwa vidole viwili, naiambia: kaa.