Mama Salamu na Simu Isiyolia

Kijiwe chetu ni benchi moja lililolegea mguu, mbele ya banda la Pancha, fundi matairi, lakini mambo yote ya mji huu huamuliwa hapo kabla hayajafika kokote. Mimi ndiye Kipaza, msinitafute kwa jina lingine. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa bado la moto, redio ya Pancha inaning'inia kwenye msumari, na Mama Salamu alikuwa anaendesha kipindi chake cha mwisho kabla ya kustaafu. Huyu ndiye mtangazaji wa kwanza wa redio yetu. Tangu ianze, kazi yake ni hiyohiyo: unampigia simu, unamtajia unaotaka kuwasalimu, naye anawafikishia hewani. Leo sasa simu hailii. “Laini ziko wazi, jamani,” akasema tena, akaweka muziki. Sisi hatukuwa na nafasi ya kupiga. Tulikuwa tunabishana nani alimwanzishia redio.

Pancha: Sauti ile mnayoisikia imetoka kwenye betri yangu. Chumba chenyewe cha studio, nyuma ya duka, hakikuwa na umeme. Nikafungua betri ya lori la watu, nikawapelekea.

Waziri: Betri bila mlingoti ni uzito tu.

(Waziri hajawahi kushika ofisi yoyote. Ana tai, basi.)

Waziri: Siku upepo ulipoangusha mlingoti, nani alipanda juu ya tangi la maji akashika waya kwa mkono wake? Taarifa ya habari nzima ilipita mwilini mwangu.

Mama Cherehani: Ikatokea wapi?

Waziri: Shemeji, usinivunjie heshima mbele ya watu.

Mama Cherehani: Heshima gani na wewe unashikashika waya? Studio yenyewe ilikuwa na mwangwi kama kisima. Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba kuomba magodoro ya kufunika kuta, nikayashona moja baada ya jingine. Mji mzima ukalala kwenye mikeka ili huyu mama asikike vizuri!

Pancha: Godoro la kwako lilikuwa na kojo la mtoto.

Mama Cherehani: Na ndilo lililokaa nyuma ya maikrofoni! Ule utamu wa sauti ulidhani unatoka kwenye betri?

Nikaona wananiacha nyuma, jambo ambalo sijazoea. Nikajimiminia kahawa.

Mimi: Nyinyi mlileta vitu. Mimi nilileta wasikilizaji. Mitambo ile ilikuwa haifiki hata sokoni. Nikasimama mlangoni pa studio. Yeye anasema ndani, mimi narudia nje kwa koo hili hili. Sokoni wananidaka, wanarudia, mpaka ng'ambo ya mto. Ndege ya abiria ilishuka chini kabisa, rubani anataka kujua kama yule mbuzi tuliyemtangaza kapotea kapatikana.

Waziri: Acha kamba, Kipaza!

Mimi: Kamuulize rubani.

Pancha alicheka mpaka kahawa ikampitia puani. Mama Cherehani hakucheka. Alikuwa anaitazama redio.

Mama Cherehani: Mnakumbuka daraja liliposombwa na maji, watoto wa shule wakakwama ng'ambo? Alisoma majina yao, mmoja mmoja, kadiri walivyoonekana. Hakuondoka kwenye kiti. Mimi nimekaa sakafuni, redio nimeipakata kama mtoto, nasubiri la mwanangu. Alipolisoma, alilisoma mara mbili. Sijui alijuaje kwamba ya kwanza nisingeiamini.

Hapo hata Waziri aliacha kuchezea tai.

Mwishoni mwa benchi alikaa dereva mmoja mgeni, anasubiri tairi la lori lake lizibwe. Muda wote alikuwa anakunywa kahawa yetu.

Dereva: Samahanini, wakubwa. Huyu mama anasalimia watu wote hao. Na yeye, nani humsalimia?

Pancha akachungulia kikombe chake. Waziri akakohoa. Mimi nikajimiminia kahawa, ingawa kikombe kilikuwa kimejaa. Redioni muziki ukaisha. “Haya,” Mama Salamu akasema, na sauti ilikuwa ndogo, “naona leo watu wako na shughuli zao. Basi mimi nitaanza kuaga…”

Mama Cherehani: Piga simu, Kipaza!

Mimi: Kwa nini mimi?

Mama Cherehani: Si una koo lililofika mpaka kwa rubani? Piga, asije akaondoka hivi hivi!

Nikapiga. Ikapokelewa palepale.

— Punguza sauti ya redio yako, mpenzi msikilizaji. Nani mwenzangu?

Pancha akairukia redio, akaizima kabisa. Wote wakanisogezea masikio, wananipumulia kahawa usoni.

— Kipaza hapa, Mama. Kijiweni, kwa fundi matairi.

— Karibu, baba. Unamsalimu nani leo?

Hotuba nilikuwa nayo. Betri, mlingoti, magodoro, ndege, vyote vilikuwa tayari kwenye ulimi. Vikayeyuka.

— Wewe, nikasema. Nakusalimu wewe, Mama. Mimi, na Pancha, na Waziri, na Mama Cherehani pamoja na mwanawe uliyemsoma jina siku ya daraja, siku hizi ana ndevu. Na dereva mmoja ambaye hata hakujui. Tunasema asante.

Waziri akanivuta shati.

Waziri: Kakata?

Hakukata. Nilisikia kiti kinalia, kama mtu anajiweka sawa. Wengine hawakusikia kitu, redio imezimwa, kwa hiyo hapa itabidi mniamini mimi.

— Rudia, akasema. Pole pole.

Tangu nijue kuongea, watu wananiambia nifupishe. Huyo ndiye wa kwanza kuniomba nirudie. Nikarudia, na sikuongeza chumvi hata punje.