Dada Kadi na Neno Mlowezi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, na mnivumilie nikichangamka kupita kiasi, maana nina habari ambayo imeninyima utulivu tangu jana.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Dada Kadi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa baba yetu seremala na mama yetu mshonaji, huyu aliyeketi mbele. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, sekondari 1977, na shahada ya lugha 1981.

Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo aliajiriwa ofisi ya kamusi, ghorofa ya pili, chumba kilichojaa makabati ya kadi za maneno, akakabidhiwa maneno ya enzi ya ukoloni, na hakulieleza neno lolote kabla ya kumsikia aliyeishi nalo. Hata siku ya harusi yake, tarehe 19 Disemba 1987, alimwacha shemeji yetu mpiga chapa akisubiri kupigwa picha, yeye kamng'ang'ania mgeni mmoja amweleze tofauti ya kutawaliwa na kulindwa. Walijaliwa watoto watatu, wabishi wote, hatushangai.

Alistaafu mwaka 2018, lakini neno mlowezi lilimrudisha ofisini. Kamusi ya zamani ilisema ni mgeni anayehamia na kulima ardhi tupu, dada akaandika kwamba ni mgeni anayemiliki ardhi iliyotwaliwa kwa nguvu kutoka kwa wenyeji, akaongeza mfano kwa maneno ya mama, aliyezaliwa kwenye hiyo ardhi tupu. Wahariri wakaufuta mfano, eti mama si mtaalamu, dada akachachamaa, akagoma kutia sahihi, na toleo jipya likakwama miaka miwili.

Januari 2024 figo zilishindwa kufanya kazi, akaendelea kubishana na wahariri kwa simu akiwa kitandani, hadi alipofariki Jumatano, tarehe 5 Juni, saa nne asubuhi, kabla ya kujua wameamua nini. Iliniuma sana.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake, pamoja na waliombishia, kwa sababu jana mchana wameleta nakala ya kwanza ya kamusi, ninayo hapa mkononi, ukurasa wa 312, maana ya mlowezi ni ileile aliyoiandika, na chini yake, mama, sikiliza, wamechapa hivi: "Walowezi waliikuta ardhi tupu, nasi tumesimama juu yake."

Dada, wameyachapa yote, hakuna neno lililofutwa, basi pumzika kwa amani.