Marsela Tluway, Aliyemwingiza Bibi Qamara Darasani

Ndugu na majirani, Marsela Tluway alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, Kambi ya Simba, Mbulumbulu, mtoto wa tatu wa mzee Tluway na mama Laurencia. Watoto wengine huzaliwa wakilia. Huyu, mama yake alisema, alizaliwa akigomba. Ukoo wetu una wasemaji wengi, hatujifichi, lakini bingwa alikuwa yeye.

Alimaliza darasa la saba hapohapo Mbulumbulu mwaka 1980. Sekondari hakwenda. Ila likizo zote alikuwa kijijini Daa kwa bibi yake, Qamara, na huko ndiko alikosomea hasa. Enzi za mkoloni, setla mmoja alizungushia uzio chemchemi ya kijiji. Qamara akawakusanya wanawake wenzake, akapenya, akaenda kukaa katikati ya maji na kibuyu chake. Setla akaja na bunduki na mbwa. Bibi akamwambia, "Piga. Lakini nikianguka humu, utaninywa mpaka ufe." Uzio ukang'olewa. Habari hii Marsela aliisikia mpaka akaijua kama jina lake.

Mwaka 1983 alijifunza cherehani Karatu mjini, akafungua kibanda karibu na soko. Mapazia ya lodge, sare za wapishi, yote mkono wake. Wazungu waliokuja kuona simba walilala kwenye mashuka ya dada yetu, wakaenda kwao bila kutoa hata asante.

Kibandani hapo ndipo alipofika Sitonik Meitamei wa Ngorongoro, na shuka ya kupigwa pindo. Kila mnada akarudi na shuka ileile. Mzee Tluway aliposikia posa, alifoka: "Nyie Wamasai mnasema ng'ombe wote duniani ni wenu. Sasa mmeanza na mabinti?" Sitonik akajibu, "Mzee, ng'ombe nakuachia." Wakafunga ndoa kanisani Rhotia tarehe 20 Agosti 1988, wakajenga hapahapa, wakajaliwa watoto wawili, Nanyokie na Emmanueli.

Mwaka 2014, yeye na rafiki zake Penina na Leonida walianza kujitolea kwenda mashuleni, Karatu na Ngorongoro, wamevaa kama wanawake wa historia. Penina alikuwa Bibi Titi Mohamed. Leonida alikuwa Mkomanile wa Songea, yule wa vita vya Maji Maji. Marsela akashona sketi ya ngozi ya mbuzi, sindano za cherehani zikavunjika, akamalizia kwa mkono, akatangaza kwamba yeye ni Qamara wa Daa.

Mwalimu mkuu wa shule moja akamzuia. "Mama, huyo hayupo kwenye kitabu."

"Hata wewe haumo, mwalimu, na watoto wanakuona kila siku."

Akatolewa nje. Basi akasimama barabarani, upande wa pili wa michongoma, wakati wa mapumziko. Penina akamsihi, "Shoga, si uwe hata Bibi Titi, tuingie sote?" Marsela akasema, "Bibi Titi anajulikana nchi nzima. Qamara ana mimi tu. Nikiondoka, nani atawaambia?" Muhula mzima alikuwa pale, jua na vumbi. Kengele ikilia, watoto hawabanduki. Mwishowe mwalimu mkuu akaja mwenyewe: "Mama Nanyokie, ingia ndani bwana, unanimalizia vipindi." Tangu hapo akawa anaingia kila mwaka.

Mwaka 2023 alipatikana na kansa ya koo, akatibiwa hospitali ya rufaa Moshi. Daktari akamwambia aipumzishe sauti. Akamuuliza, "Niitunze ili nikaikabidhi kwa Mungu ikiwa mpya?" Oktoba 2024, mume wake akimkataza, alivaa sketi yake akarudi shule ileile. Alipofika pale setla anapokuja, sauti ikakatika. Akafungua mdomo, hakuna kitu. Mwalimu mkuu akainuka kuwatoa watoto. Binti mmoja wa darasa la tano akamtangulia, akaketi sakafuni na dumu la maji, akapaza sauti: "Piga!" Darasa zima likamalizia: "Lakini nikianguka humu, utaninywa mpaka ufe!" Kisha ukazuka ugomvi, mmoja anasema mbwa wa setla alikuwa mweusi, mwingine mwekundu. Familia inakiri: mbwa huyo alikuwa akibadilika rangi kila mwaka. Marsela alicheka bila sauti mpaka akashika ukuta.

Hakupanda tena jukwaani. Alifariki nyumbani Rhotia, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Sitonik.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, na sisi ndugu zake tuliozoea kushindwa naye kwa maneno. Mwalimu mkuu, ambaye yupo hapa, ametuambia kwamba lile darasa la tano, ambalo sasa ni la sita, limeomba ile sketi, na familia imeitoa.

Marsela Tluway, lala kwa amani. Qamara halali. Jumatatu ana kipindi.